Umeandikiwa TMS? Mwongozo kwa mgonjwa wa sonona na anayemuuguza

Kazi yangu ni kuendesha mashine ya TMS, yaani tiba ya sonona inayotumia sumaku, katika kliniki moja hapa Marekani. Anapoingia Mswahili mwenzangu, awe wa Tanga, Mombasa, Bukavu au Bujumbura, maswali ya siku ya kwanza huwa yale yale: Nitapigwa shoti? Nitalazwa? Nitasahau majina ya wanangu? Jibu ni hapana kwa yote matatu. Ila yapo maswali ambayo watu hawaulizi, na mengi kati ya hayo ndiyo yanayoamua kama tiba itakufaa au utaishia kupoteza wiki sita. Nimeyapanga hapa kwa mfuatano wa safari yenyewe, kuanzia daktari anapokutajia TMS hadi siku unapoondoka.

Hatua ya 1: Elewa unachofanyiwa

TMS ni tiba inayotumia sumaku kuamsha seli za ubongo kutoka nje ya fuvu. Hakuna kisu, hakuna nusukaputi, na ukimaliza unaendesha gari lako mwenyewe kurudi kazini. Koili, yaani waya uliozungushwa na kufunikwa kwa plastiki, huwekwa kichwani. Umeme hupita ndani ya waya huo kwa muda mfupi mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na hapo hutokea nguvu ya sumaku ya karibu tesla 1.5 hadi 2, inayokaribiana na ile ya MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Kwa kuwa nguvu hiyo huja na kutoweka ghafla, inazalisha mkondo mdogo wa umeme ndani ya ubongo wenyewe, sentimita 2 au 3 hivi kutoka kwenye koili.

Kanuni hiyo aliigundua Michael Faraday mwaka 1831. Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, ndio walioitumia kuamsha ubongo wa binadamu mwaka 1985, nao walikuwa wakichunguza mishipa ya fahamu, wala hawakuwa na habari za sonona. Mark George na wenzake wa Marekani waliijaribu kwa wagonjwa wa sonona katikati ya miaka ya 1990, na Oktoba 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ikaruhusu mashine ya kwanza kwa kazi hiyo.

Kuja na kutoweka ghafla ndiko kunakofanya kazi. Sumaku iliyotulia haizalishi mkondo wowote wa kuamsha ubongo, kwa hiyo zile bangili na mito ya sumaku zinazouzwa kwa jina la tiba hazina undugu wowote na TMS. Hela yako iache mfukoni.

Mahali panapolengwa mara nyingi ni sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kushoto, juu ya paji la uso. Kwa wagonjwa wengi wa sonona sehemu hiyo huonekana kufanya kazi chini ya kiwango chake, na ina mawasiliano na sehemu za ndani zaidi zinazohusika na huzuni, ambazo koili ya kawaida haiwezi kuzifikia moja kwa moja.

Hatua ya 2: Uliza kama tiba hii ni ya mtu wa hali yako

TMS huandikiwa mtu ambaye dawa za sonona hazijamsaidia vya kutosha, au aliyeshindwa kuzivumilia kwa sababu ya madhara yake. Kama hujawahi kutumia dawa hata moja kwa kipimo kamili na kwa wiki za kutosha, daktari mwaminifu ataanzia huko, au kwenye tiba ya mazungumzo.

Upande wa pili, kama mgonjwa anasikia sauti zisizokuwepo, amekataa chakula, au anapanga kujiua, usisubiri zamu ya TMS. Tiba hii huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha dalili za nafuu. Huyo anahitaji hospitali leo, na kwa hali kama hizo tiba ya mshtuko wa umeme inayofanywa chini ya nusukaputi bado ina nguvu zaidi, hata kama jina lake linatisha. Ukiwa Marekani piga 988, simu ya msaada kwa walio katika hatari ya kujiua, saa yoyote. Uingereza, shirika la Samaritans linalofanya kazi hiyo linapatikana kwa 116 123.

Mwenye historia ya kuchangamka kupita kiasi kwa siku nyingi, halali, anatumia pesa ovyo, anaongea bila breki, aseme mapema. Huenda ana ugonjwa wa hisia unaopanda na kushuka, na kichocheo chochote, dawa au mashine, kinaweza kumrusha juu.

Hatua ya 3: Fungua historia yako yote, hasa degedege

Hapa naomba ukae kidogo.

Hatari kubwa inayofahamika ya TMS ni mgonjwa kupata kifafa akiwa kitini. Ni nadra, chini ya mgonjwa 1 kati ya 1,000, na likitokea huwa tukio fupi linalokwisha lenyewe. Ndiyo maana fomu ya kliniki inauliza kama umewahi kuwa na kifafa. Watu wetu hujibu hapana, kwa sababu kifafa kwetu ni neno zito ambalo familia hulificha. Ukimgeuzia swali, "Mama, ulipokuwa mdogo uliwahi kushikwa na degedege?" anakwambia ndiyo, tena mara kadhaa, na mara moja malaria ilimpanda kichwani akapoteza fahamu. Hilo lilipaswa kuwa kwenye fomu. Degedege la homa utotoni halikuzuii moja kwa moja, lakini malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kiharusi au ajali iliyokuacha umezimia vinaweza kuacha kovu kwenye ubongo, na daktari anaweza kutaka picha ya MRI kwanza. Kama mama yako yu hai, mpigie simu umuulize.

Halafu vyuma. Chuma chochote cha kudumu kichwani, shingoni au karibu na hapo, ndani ya sentimita 30 hivi kutoka kwenye koili, lazima kitajwe: kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani ya sikio, klipu iliyobana mshipa wa damu kichwani, vifaa vya umeme vilivyopandikizwa, na vipande vya risasi au bomu. Hilo la mwisho naliuliza kwa sauti ya chini kwa wanaotoka mashariki ya Congo na Burundi, kwa sababu wapo wanaoishi na vipande ambavyo havikuwahi kutolewa. Meno yaliyozibwa kwa kawaida hayana shida. Mwenye betri ya moyo aongee na daktari wake wa moyo kabla ya chochote.

Mwisho wa orodha ni dawa na vilevi. Leta mfuko mzima wa dawa zako, zikiwemo za kienyeji. Bupropioni, ambayo ni dawa ya sonona, na tramadoli, ambayo wengi huimeza kwa maumivu ya mgongo, huufanya ubongo uwe mwepesi kupata kifafa. Meflokwini na klorokwini, ambazo ni dawa za kujikinga na malaria, nazo zina lawama hiyo, na meflokwini haimfai mwenye sonona kwa vyovyote vile. Kama unakunywa pombe kila siku, sema kiasi halisi. Kuacha ghafla ndiko kunakoleta kifafa, kwa hiyo usijitakase jioni ya kuamkia miadi. Diazepamu na ndugu zake, dawa za kutuliza wasiwasi, huweza kupunguza nguvu ya TMS, ila nazo zisikatwe kwa siku moja. Daktari ndiye atakayezipunguza taratibu. Mirungi na kahawa nyingi, vitaje pia.

Katika mazungumzo haya usimtumie mtoto wako kama mkalimani. Hospitali za Marekani zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kukupa mkalimani wa Kiswahili bila malipo, kwa simu au ana kwa ana, na huduma ya afya ya Uingereza nayo hutoa mkalimani. Kuna majibu ambayo mama hawezi kuyasema huku mwanawe wa miaka kumi na miwili akiyatafsiri.

Hatua ya 4: Malizana na bima na kazi

Medicare, ambayo ni bima ya serikali kuu kwa wazee na baadhi ya walemavu, na bima nyingine nyingi za Marekani hulipia TMS, lakini hudai kibali kabla ya kuanza, na kibali hutolewa kwa ushahidi: majina ya dawa ulizotumia, kipimo, tarehe, na kwa nini uliacha. Kusanya karatasi hizo mapema, hata zile za daktari wa mji uliohama. Kibali kikikataliwa mara ya kwanza, kliniki ikate rufaa. Ni jambo la kawaida. Bila bima, gharama ni maelfu ya dola. Uingereza, NICE, taasisi inayoelekeza tiba zipi zitumike katika huduma ya afya ya umma, iliikubali TMS kwa sonona mwaka 2015, lakini si kila hospitali ya umma inayo.

Kwa kazi, kama umefanya kazi miezi 12 na saa 1,250 kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi, sheria ya Marekani iitwayo FMLA inakupa likizo ya matibabu isiyo na malipo hadi wiki 12, nayo inaweza kukatwa vipande vipande, saa mbili leo, saa mbili kesho. Wanaofanya zamu ghalani au nyumba za wazee hawaambiwi hili mara nyingi.

Ndugu walioko Afrika Mashariki, mashine hizi huko bado ni chache. Anayesafiri India, ambako hospitali kama NIMHANS ya Bengaluru hutoa tiba hii, apige hesabu ya kodi ya chumba na chakula kwa wiki zote pamoja na bei ya mashine.

Hatua ya 5: Chagua ratiba kwa macho wazi

Ratiba ya asili ni hii: mapigo 10 kwa sekunde kwa sekunde 4, mapumziko ya sekunde 26, mpaka yafike mapigo 3,000. Ni dakika 37 na nusu. Unafanya hivyo Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki sita, kisha vikao sita vya kupunguza taratibu ndani ya wiki tatu, jumla 36. Kliniki nyingi siku hizi zimefupisha mapumziko, kikao kinakwisha chini ya dakika 20.

Ya pili hutoa mapigo 600 katika vifungu vya haraka, na kikao ni dakika 3 tu na sekunde chache. Watu huitilia shaka kwa sababu ya ufupi wake, lakini utafiti wa Canada uliochapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa 414, ulionyesha haiko nyuma ya ile ndefu: karibu nusu ya wagonjwa katika kila kundi walipata nafuu kubwa, na waliopona kabisa walikuwa kati ya robo na theluthi. Kama kliniki yako inakupa uchaguzi na una watoto wa kufuata shule, mimi ningechukua hii.

Ya tatu ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Stanford, ikaruhusiwa na FDA mwaka 2022: vikao 10 kwa siku kwa siku 5, kimoja kikianza kila baada ya saa moja, huku mahali pa kulenga pakitafutwa kwa picha ya MRI. Matokeo yake ya mwanzo ni ya kuvutia, lakini yalitoka kwa wagonjwa wachache, na bei yake ni ya juu.

Kwa picha kamili, chukua na hili: katika utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2010, wenye wagonjwa 190, waliopona kwa mashine halisi walikuwa 14 kati ya 100, na kwa mashine ya bandia, isiyoamsha ubongo, 5 kati ya 100. Ratiba ilikuwa fupi zaidi na wagonjwa hawakutumia dawa zingine. Katika kliniki za kawaida, ambako wagonjwa huendelea na dawa zao na hakuna mashine ya bandia ya kulinganishia, takwimu za mwaka 2012 zilifika 37 kati ya 100. Anayekuahidi kupona kwa hakika anakuuzia kitu.

Hatua ya 6: Andaa kichwa, yaani nywele

Hili halimo kwenye vipeperushi. Nguvu ya koili hupungua upesi kila inapokaa mbali na ubongo. Milimita chache tu zina uzito. Twende kilioni nyembamba hazinisumbui. Rasta nene, wivingi iliyoshonwa juu ya msuko, au fundo kubwa la nywele hapo mbele kushoto vinainua koili. Wigi livuliwe. Pini, vibanio na zile pete za kupamba misuko vyote vitoke.

Kibaya zaidi ni kubadilisha mtindo katikati ya tiba. Tumekupima ukiwa na nywele fupi, wiki ya tatu unakuja umesuka rasta: kipimo cha mwanzo hakifai tena, na usipomwambia mtu unakaa kitini kwa siku kadhaa ukipokea chini ya unachostahili. Ukienda kinyume, ukafumua, unapokea zaidi. Chagua mtindo utakaoweza kukaa nao wiki zote sita, na ukilazimika kubadilisha, sema mlangoni ili kipimo kirudiwe.

Anayevaa hijabu aombe mwendeshaji wa kike na mlango ufungwe. Ni ombi la kawaida, litoe siku ya kupanga miadi.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza kitini

Simu, saa, kadi za benki, hereni na kifaa cha kusikia vinabaki nje. Utavishwa kofia nyembamba, kisha tutapima kwa futi ya kitambaa: kutoka mzizi wa pua hadi kisogoni, kutoka sikio hadi sikio. Halafu tunatafuta mahali kwenye ubongo panapotawala kidole gumba cha mkono wako wa kulia. Pigo moja, tunasubiri. Jingine, tunasogeza koili kidogo. Ghafla kidole kinaruka bila wewe kukiagiza.

Mama mmoja mtu mzima alikitazama kidole chake, kisha akanigeukia: "Mwanangu, ni nani huyo ananitingisha?"

"Ni ubongo wako mwenyewe, mama. Mimi nimebisha hodi tu."

Tunapunguza nguvu mpaka tupate kiwango cha chini kabisa kinachokitikisa kidole mara 5 kati ya 10. Hicho ndicho kizingiti chako; hakifanani na cha mtu mwingine, na tiba hutolewa kwa kawaida kwenye asilimia 120 ya hapo. Kisha koili inasogezwa mbele, na kazi inaanza. Kliniki isiyokupima kizingiti, ikakuweka kwenye namba ya kila mtu, ondoka.

Mlio ni mkali, kwa hiyo vizibo vya masikio si hiari. Na mwendeshaji naye avae. Utahisi kugongwagongwa kichwani, nyusi au taya ikicheza, wengine chozi la jicho la kushoto. Siku za mwanzo huuma kweli. Sema. Tunaweza kuanza na nguvu ndogo na kupanda ndani ya wiki, au kuinamisha koili kidogo. Kuvumilia kimya hakukuletei faida yoyote, na nimeona wanaume wazima wakitokwa jasho kwa kuona haya kuinua mkono. Kichwa kikiuma baadaye, parasetamoli hutosha kwa wengi. Maumivu hayo hupungua baada ya wiki ya kwanza.

Mwendeshaji asitoke chumbani mashine ikiwa inafanya kazi.

Hatua ya 8: Wiki za katikati

Hapa ndipo watu huacha. Wiki ya pili hakuna kilichobadilika, mafuta ya gari yanakwenda, bosi ananuna. Wengi huanza kuona tofauti wiki ya tatu au ya nne, na mara nyingi si wao wanaoiona kwanza: mume anasema leo umepika, jirani anasema umecheka. Kila wiki ujaze dodoso la kupima sonona liitwalo PHQ-9, lenye maswali 9 na alama 0 hadi 27. Lipo kwa Kiswahili, liombe. Alama zikishuka kwa nusu, hiyo ni nafuu kubwa. Zikiwa chini ya 5, umefika panapotafutwa. Kama hazijasogea kabisa kufikia wiki ya nne, omba kikao na daktari: labda mahali palengwe upya, labda ratiba ibadilishwe.

Usiache dawa zako kwa sababu umeanza mashine. Usiku uliokosa usingizi, useme kabla ya kukaa, kwa sababu ukosefu wa usingizi huongeza hatari ya kifafa. Mwezi wa Ramadhani hili linakuja kila siku, tarawehe, daku, kisha kazi ya alfajiri. Hukumu ya saumu na tiba muulize shehe wako. Mimi nakuomba ulale hata mchana, na tupange kikao kwa saa unayokuwa na nguvu.

Hatua ya 9: Kabla hujaaga

Sonona inaweza kurudi baada ya miezi, hata kwa aliyepona vizuri. Anayejibu mara ya kwanza ana nafasi nzuri ya kujibu tena, kwa hiyo panga na daktari dalili zipi zikitokea utarudi mapema: usingizi kukatika saa tisa usiku, kukwepa simu, kuacha kwenda msikitini au kanisani. Mwambie na mtu mmoja wa nyumbani azijue.

Na siku ya mwisho usitoke bila ripoti ya maandishi: aina ya mashine na koili, mahali palipolengwa na namna palivyopimwa, kizingiti chako, ratiba iliyotumika, idadi ya vikao, madhara yaliyotokea, na alama za PHQ-9 za mwanzo na mwisho. Aina ya mashine isisahaulike, kwa sababu kizingiti cha 55 kwenye mashine moja si 55 kwenye nyingine. Piga picha ya karatasi hiyo, itume kwenye simu ya mtu wa nyumbani, na nakala moja iweke pamoja na pasipoti.